Onyesha Risiti ya Mkaa

Hoja iliyo mezani ni hii: wafanyabiashara wa Dodoma wanaweza kuyatunza mazingira ya nyanda za kati, na biashara zao zikaendelea kupata faida. Hoja hii hupigiwa makofi katika kila kongamano, ndiyo maana nimeileta mbele ya watu wasiopiga makofi ovyo. Wako wanne. Mama Hoteli ana hoteli yenye ukumbi wa mikutano, na tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016 ukumbi huo haupumziki. Mzee Misitu ni bwana misitu mstaafu, aliyeanza kazi Kondoa akiwa kijana. Kijana wa Mkaa anatoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Mhasibu ni dada anayefunga hesabu za kampuni kadhaa za mjini. Msiwatafute mitaani, maana nimewaunda mimi kutokana na maneno ninayoyasikia kwenye daladala, vikaoni na kwenye foleni za benki. Mambo wanayoyataja, lakini, yapo.

Mama Hoteli amepewa nafasi ya kwanza kwa kuwa ndiye mshtakiwa.

Mama Hoteli: Shikamoo mzee. Kijana, mbukwa. Mimi niseme wazi kwamba nimepanda miti. Mwishoni mwa 2017 Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipozindua pale Mzakwe kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani, wafanyabiashara tuliitikia. Tumetoa miche, fulana, maji ya kunywa na magari ya kubebea watu. Kila masika tunarudia. Kama huko si kutunza mazingira, niambieni kukoje.

Mzee Misitu: Marahaba, mwanangu. Miche mingapi iko hai leo?

Mama Hoteli: Hilo mzee waulize waliokabidhiwa.

Mzee Misitu: Nilijua. Dodoma mvua inaanza Desemba, Aprili imekwisha. Kwa mwaka tunapata milimita 550 au 600, na zinaweza kunyesha kwa vishindo vichache halafu jua likawaka wiki tatu. Mche uliopandwa Machi kwa sababu ndipo mgeni rasmi alipopata nafasi una mwezi mmoja wa kushika mizizi, kisha kiangazi cha miezi saba. Hapo mbuzi hajahesabiwa. Sikukatazi kupanda, ila nakwambia kwamba mti wa bei nafuu kuliko wote katika mkoa huu umeshapandwa, na kila mwaka tunaufyeka.

Mama Hoteli: Upi huo?

Mzee Misitu: Kisiki. Chini ya mashamba ya Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa kuna mizizi ya miti iliyokatwa zamani na haijafa. Kila masika inachipua, na kila palizi mkulima anaifyeka pamoja na magugu. Kazi yenyewe ni ndogo. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogoa mengine, unafunga kitambaa chekundu au cha rangi yoyote inayoonekana ili mwenye jembe na mchunga mbuzi wajue huyu ana mwenyewe, kisha unalinda. Shirika la LEAD Foundation na wenzao wa Justdiggit kutoka Uholanzi wanafundisha jambo hili vijijini kwetu tangu 2018, wakaliita Kisiki Hai. Kule Maradi, Niger, lilianza miaka ya 1980 na limerudisha miti kwenye mamilioni ya hekta. Mzizi una maji yake chini, hauhitaji mtu wa kuumwagilia.

Mhasibu: Wala hauhitaji fulana. Ndiyo maana hakuna kampuni iliyokimbilia huko.

Mama Hoteli: Mwanangu, usinionee.

Mhasibu: Sikuonei, mama. Nakuuliza ninavyomuuliza mteja yeyote mwisho wa mwaka. Mchango wako wa miti uko kwenye mstari mmoja wa hesabu. Manunuzi yako yamejaza kabati. Katika kabati hilo, risiti ya mkaa iko wapi?

Mama Hoteli: Mkaa hauna risiti. Unaletwa na pikipiki alfajiri, mpishi anatoa hela, basi.

Mhasibu: Haya, tuseme jikoni mnatumia gunia nne kwa wiki, na tulihesabu gunia kuwa la kilo 50, ingawa la lumbesa linazidi hapo. Hizo ni kilo 200. Tanuri la udongo la kijijini linataka kilo tano hadi kumi za mti ili litoe kilo moja ya mkaa. Kwa hiyo kila wiki jiko lako linakula tani moja hadi mbili za mti, na kwa mwaka ni tani 52 hadi 104. Mche mmoja una gramu ngapi?

Niingilie hapa, kwa sababu huu ndio upande wangu na sitajifanya mwamuzi asiye na timu. Kampuni inayotaka tujue inavyoyajali mazingira ituonyeshe inanunua nini, kwa nani, na kwa masharti gani. Michango ni fedha iliyobaki baada ya kazi. Athari ya biashara kwenye ardhi imo katika kuni zake, maji yake, matofali yake na mazao inayouziwa na mkulima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla mradi mkubwa haujajengwa, na mradi ukipita hupewa cheti, lakini cheti kinatundikwa ukutani siku ya kwanza na mkaa unaletwa kila alfajiri. Tatizo la msimamo wangu ni huyu kijana aliyekaa kimya.

Kijana wa Mkaa: Dada, hesabu yako umeipigia jikoni. Njoo uipigie kwetu. Desemba tumepanda mtama na uwele, Februari mvua imekata, Machi shamba limekauka. Ikifika mwezi wa kumi ghala ni tupu. Ng'ombe wa kuuza ni wa mwenye ng'ombe. Mgunga hauniangushi. Naukata, napanga magogo, nafunika kwa majani na udongo, nalala pembeni ya tanuri naangalia moshi. Ukiwa mweupe na mzito, kuni bado zina maji. Ukigeuka kuwa wa bluu na mwepesi, mkaa unaiva. Udongo ukitoboka usiku na mimi nimepitiwa na usingizi, asubuhi nazoa majivu. Nikimaliza, mwenye pikipiki ananitajia bei, na mimi sina pa kuupeleka. Mjini unauzwa bei nyingine kabisa. Halafu kwenye semina zenu, zinazofanyika kwenye ukumbi wa mama huyu, mharibifu ni mimi.

Mzee Misitu: Kijana hadanganyi. Baba zake nimewakimbiza sana. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, na Kondoa ndiko kulikokuwa na kazi kubwa. Makorongo yalikuwa yanameza mashamba. Mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote nje. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, mchanga ukaanza kutulia, na wageni walikuja kutoka mbali kutazama. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walipelekwa kwa ndugu nje ya mpaka wa mradi, na huko ardhi ikabebeshwa mizigo miwili. Gharama ya hifadhi ile aliilipa mfugaji. Sisi mishahara yetu iliingia kama kawaida.

Mama Hoteli: Basi mzee umenisaidia. Amri haijengi. Mwaka 2006 si walipiga marufuku mkaa, wiki mbili tu wakarudi nyuma? Waachieni wafanyabiashara wenye mitaji na wataalamu, watapanga.

Mzee Misitu: Wafanyabiashara wenye mitaji na wataalamu? Kongwa mmeisahau mara hii.

Mama Hoteli: Karanga za Mwingereza hizo.

Mzee Misitu: Ndizo. Mwaka 1946 wazo lilitoka kwa Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Ukatengenezwa mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu za karanga, nyingi zikiwa Tanganyika, pa kuanzia pakiwa Kongwa, na mwanzoni kampuni hiyohiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kusimamia. Baadaye likaja shirika la umma la Uingereza, Overseas Food Corporation. Waliletwa wataalamu na matingatinga, mpaka vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa matrekta. Pori lilisombwa. Halafu udongo wa Kongwa ukafanya unavyofanya siku zote: jua lilipowaka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikabaki humo ndani. Mvua nayo ikagoma. Mwaka 1951 wakafungasha, pauni milioni 36 hivi zimeteketea. Leo pale kuna Ranchi ya Taifa, ng'ombe wanakula nyasi. Mgogo yeyote angewaambia hilo mapema, tena bila posho.

Mhasibu: Mimi ninachokiona pale ni daftari. Hasara ilibebwa na mlipa kodi wa Uingereza, pori lililosombwa lilikuwa la Mgogo, na kampuni iliyoleta wazo haikufilisika. Aliyeamua hakuwa na chake pale. Ndiyo maana simwamini mtaalamu wa kampuni anayeniambia atatunza bonde ambalo yeye halitegemei.

Mama Hoteli: Mimi nalitegemea. Hoteli yangu haihamishiki.

Jibu hilo nalipenda. Tofauti ya mama huyu na wale wa Kongwa ni kwamba yeye atakuwepo kisima kitakapokauka. Lakini twende kwanza kwenye jiko, maana hapo ndipo alipobanwa.

Mama Hoteli: Nisikilizeni. Agizo la Serikali la taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024 halikunikuta nimelala. Mei ya mwaka huohuo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamefika huko ikifika 2034. Nimefunga mitungi ya gesi ya kilo 38. Wali, maharage, supu, chapati, vyote gesi. Kilichobaki ni choma. Mteja wa Dodoma umpe mbuzi wa gesi? Jumamosi watu wanaacha nyumba zao zenye majiko mazuri wanakwenda mnadani Msalato, wanakaa kwenye vumbi. Wanafuata moshi.

Kijana wa Mkaa: Na waheshimiwa nimewaona palepale.

Mzee Misitu: Hata mimi mtanikuta, msinitazame hivyo.

Mhasibu: Kuna mkaa mbadala. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, wanatengeneza ule wa makaa ya mawe, wanauita Rafiki.

Mzee Misitu: Unauokoa mgunga, nakubali. Lakini makaa ya mawe yakichomwa deni linahama kutoka msituni kwenda angani. Singida na Dodoma tunakamua alizeti msimu mzima. Mashudu yana soko, mifugo inakula. Maganda je? Yanaweza kushindiliwa yakawa vitofali vya kuwasha, na ni kitu ambacho kipo hapahapa.

Mama Hoteli: Mnasema mkaa, mkaa. Ziko biashara zinazoulinda mti usimame. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uingie kwenye vyakula vyao. Hapa juisi ya ubuyu iko kila mgahawa, mafuta yake yanauzwa kwa akina dada. Nani atakata mbuyu wenye soko?

Kijana wa Mkaa: Mama, mbuyu hatuukati kwa sababu mti wake ni sponji. Haushiki moto, hautoi mkaa wala mbao. Ungekuwa na mkaa mzuri ungeuona leo kwenye jiko lako. Msijipe sifa ya kazi ambayo mbuyu umejifanyia wenyewe.

Vicheko vilikwisha, nikabaki nikiitafakari hoja hiyo, kwa kuwa inaharibu mifano mingi mizuri. Tunapoona mti umesimama na biashara ipo karibu, tunadhani biashara ndiyo iliyousimamisha. Mzee Misitu akaongeza la nyuki. Asali ya Manyoni na Itigi ni biashara ya kujivunia, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wana hifadhi nzima ya nyuki kule Aghondi. Lakini mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuuvua mti gome lake, na mti uliovuliwa hivyo hufa. Mnunuzi asiyeuliza asali imetoka kwenye mzinga gani huenda anauza msitu kwenye chupa. Kwa hiyo hata biashara zinazoitwa rafiki kwa mazingira zinarudi kwenye swali la Mhasibu: umenunua nini, kwa nani, kimetengenezwaje.

Matofali niyapitie haraka, kwa sababu jibu lake linajulikana. Jiji limejengwa upya kutoka Nala hadi Mtumba, na tanuri la matofali ya kuchoma hula magogo kabla nyumba haijapata bati. Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, wanafundisha matofali ya kufungamana, udongo na saruji kidogo, yanashindiliwa kwa mashine na hayaoni moto. Mwenye kampuni anayejenga nyumba za wafanyakazi anaweza kuyaandika kwenye mkataba wa fundi kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ina uzito kuliko miche elfu ya masika.

Maji ndiyo mazito zaidi.

Mhasibu: Mkaa tumeuona kwa kuwa una moshi. Kisima chako, mama, kina kina gani?

Mama Hoteli: Kina kibali cha bodi ya bonde. Nimelipia.

Mhasibu: Umelipia kibali, umeme na pampu. Maji yenyewe kwenye vitabu vyako yana bei gani?

Mama Hoteli: Ukishachimba, maji ni ya Mungu.

Mzee Misitu: Na Mungu hayaleti kila mwaka. Jiji hili limelelewa na visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Kina cha maji pale kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Wataalamu walizisoma kumbukumbu hizo za miaka 55, wakaona kwamba bonde halijazwi kidogokidogo kila masika kama tunavyodhani. Linajazwa kwa mikupuo, katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida. Mkupuo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño ya 1997 na 1998. Miaka mingi ya katikati tunachota akiba tu.

Nimewahi kumsikia mtu akiyachukua matokeo hayo kama habari njema: mafuriko yakiongezeka, visima vitajaa. Yana sehemu ya ukweli. Lakini mji ambao akiba yake hujazwa kwa bahati ya msimu mmoja katika miaka kadhaa hauwezi kupanga matumizi kwa kutazama kina cha mwaka huu. Unatakiwa uishi kwa adabu ya mtu anayepata mshahara bila kujua utaingia tena lini. Na tangu 2016 Dodoma imepokea wizara, vyuo, hoteli na nyumba ambazo bonde lile halikuwahi kuziona.

Kijana wa Mkaa: Zabibu nazo zinakunywa.

Mhasibu: Zinakunywa sana. Hombolo, Mpunguzi, Chinangali, mkulima anavuna mara mbili. Mavuno ya Agosti na Septemba yanakomaa kiangazi kitupu, maana yake yanakomaa kwa maji ya kumwagilia. Kiwanda kinaponunua zabibu hizo, au mchuzi wa zabibu kutoka kwa wasindikaji wadogo, kinanunua maji ya chini ya ardhi yaliyopita kwenye mzabibu. Chinangali waliwekewa umwagiliaji wa matone. Mwingine anafungulia mfereji. Bei kiwandani inaangalia utamu, haiulizi lita. Mimi ningekuwa mnunuzi, ningempa nyongeza mwenye matone, hata kidogo, ili fedha ya mvinyo imfuate anayebana maji.

Mama Hoteli: Kiwanda kitasema bei ya chupa itapanda.

Mhasibu: Itapanda kidogo. Kisima kikikauka, chupa haitakuwepo.

Mzee Misitu: Nairobi walikaa wakapiga hesabu hiyo. Mwaka 2015 wakaanzisha mfuko wa maji wa Tana ya Juu. Wazalishaji umeme wa KenGen wamo, kampuni ya bia ya EABL imo, Coca-Cola wamo, na mamlaka ya maji ya jiji. Fedha inakwenda kwa wakulima wa milimani kutengeneza matuta, kupanda nyasi na kuzuia udongo usiteremke kwenye mito na mabwawa. Hawakufanya kwa huruma. Tope likifika kwenye mtambo wa umeme na wa maji, kulitoa ni ghali kuliko kumsaidia mkulima asiliachie.

Mama Hoteli: Na hapa aanze nani?

Mhasibu: Anayechota sana. Orodha ya vibali ipo, haina siri. Hoteli, viwanda, mashamba makubwa, vyuo. Waweke fedha kwenye miteremko inayoteremsha maji Makutupora, kwa makinga maji na visiki hai, ili siku mvua kubwa ikija izame ardhini badala ya kukimbilia korongoni na mchanga wetu.

Kijana wa Mkaa: Mnataja fedha, nataka kuuliza. Zipo kweli?

Mhasibu: Zipo. Mwaka 2023 benki ya CRDB waliuza hatifungani yao ya kijani, walitafuta shilingi bilioni 40, wakaletewa zaidi ya bilioni 170. Wanaotaka kuwekeza kwenye mazingira si haba.

Kijana wa Mkaa: Ngapi zimefika kijijini kwetu?

Mhasibu hakujibu, na mimi sikumsaidia. Mkopo wa benki unataka dhamana, hati na mahesabu, na mtu anayelala pembeni ya tanuri hana hata kimoja. Fedha ya kijani itampata mwenye paneli za jua juu ya paa kabla haijampata mwenye mgunga, na hiyo ni sababu nyingine ya kurudi kwenye manunuzi. Kijana huyu hatapewa mkopo, lakini tayari ana mteja.

Mzee Misitu: Ukishuka kutoka Mpwapwa unaingia Kilosa. Kule, kuanzia 2012, vijiji vilianza kuchoma mkaa kwa mpango, wakisaidiwa na mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA kwa fedha za Uswisi. Msitu wa kijiji unagawanywa vitalu. Kila mwaka vinakatwa vichache tu vilivyotawanyika, visiki vinaachwa vichipue, na kitalu kilichokatwa hakiguswi miaka 24. Kijiji kinatoza ushuru wake kwa kila gunia, na fedha hiyo imejenga madarasa na zahanati. Ndiyo mara ya kwanza niliona wachoma mkaa wakilinda msitu, kwa kuwa msitu ulikuwa na hesabu yao ndani. Sisemi tuuhamishe mpango mzima mzima. Kilosa wana mvua na miombo. Kwetu mgunga unakua polepole na mbuzi ni wengi, miaka 24 huenda isitoshe. Lakini mlango ni huohuo: kijiji kiwe na msitu wake kisheria, na mnunuzi ajulikane.

Mama Hoteli: Mnunuzi nimeshajulikana, mmenishika tangu asubuhi. Haya. Nikinunua mkaa wa kitalu, bei?

Kijana wa Mkaa: Itapanda. Una ushuru wa kijiji, una tozo ya TFS, una kibali. Wa wizi hauna.

Mama Hoteli: Nitaongeza kidogo kwenye sahani ya mbuzi. Wateja wangu ni wa semina, watalalamika lakini watakula.

Kijana wa Mkaa: Na utalipa lini?

Mama Hoteli: Wanaoniletea mzigo mkubwa tunawalipa ndani ya siku 90. Nami nadaiwa na kudai. Wanaofanya mikutano kwangu wananilipa wakijisikia.

Kijana wa Mkaa: Basi mama, tumemaliza mjadala. Mwenye pikipiki ananipa noti mkononi, mzigo bado haujafungwa kamba, na haniulizi mti niliukata wapi. Wewe unanitaka kibali, kitalu, ushuru, halafu ningoje siku 90. Wiki ya pili nyumbani hakuna unga. Wiki ya tatu nitaingia kwenye kitalu cha mwaka kesho, na mwenyekiti wa kamati atajifanya hakuniona kwa sababu na yeye hana unga.

Katika makongamano yote ya biashara na mazingira sijasikia mada ya siku 90, wala sijaiona kwenye vipeperushi. Kampuni inaweza kuwa na sera ya kijani yenye kurasa 40 na idara ya malipo inayomrudisha msambazaji mdogo msituni.

Mhasibu: Hilo ni la mezani kwangu. Bidhaa za mkulima, mkaa, asali, mboga, ubuyu na zabibu, zinaweza kutolewa kwenye utaratibu wa siku 90 zikalipwa siku mzigo unapopokelewa. Ukizijumlisha kwa mwezi ni ndogo kuliko bili ya umeme. Kinachotakiwa ni saini moja.

Mama Hoteli: Yangu.

Mhasibu: Yako.

Mama Hoteli: Iandike niisaini. Na kila gunia lije na karatasi, hata ya mkono: jina la kijiji, namba ya kibali, kitalu.

Kijana wa Mkaa: Kitalu bado hatuna, mama. Mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali, mipaka ipimwe, halmashauri ipitishe. Hapo ni mwaka, labda miwili.

Mama Hoteli: Na katika mwaka huo au miwili mbuzi nimchome na nini?

Mzee Misitu: Nusu mchome na mkaa huohuo wa alfajiri, lakini ulipe bei inayoeleweka na uandike umetoka wapi. Nusu jaribu maganda ya alizeti. Wakisema ladha imebadilika, waambie huo ni moshi wa Singida.